Nguzo ya Siwatu

Watu wa bonde moja walikuwa na dungu. Kwa asiyelima mpunga, dungu ni ulingo wa miti ulioinuliwa juu ya majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga. Lina paa la nyasi na halina ukuta. Mlinzi hukaa humo toka mpunga unapotoa masuke mpaka unapovunwa, akarusha mawe kwa kombeo, akapiga debe, akafukuza kwelea, ngedere na nguruwe. Bonde lile lilikuwa na majaruba mengi na dungu kubwa moja tu. Walinzi walikuwa kumi na wawili, na hawakulima. Waliolima ndio waliowalisha, na ndio walioamua dungu lijengwe wapi na lijengwe vipi. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Walijua tu kwamba mwenye kulisha mlinzi asipouliza, siku moja atajikuta yeye ndiye anayelinda na mlinzi ndiye anayekula.

Mkuu wa walinzi aliitwa Mponda. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Mwaka wa mafuriko viboko walipanda kutoka mtoni, kundi zima, wakielekea kwenye mpunga ulioiva. Mponda akashuka na debe na kijinga cha moto, akasimama mbele yao peke yake mpaka wakageuka. Mguu wake wa kushoto ulibaki unachechemea. Tangu siku ile watu wa bonde walimpenda kupita kiasi, na nasema kupita kiasi nikijua ninachosema. Walikuwa na baraza la watu kumi na mmoja, na kazi ya baraza hilo ilikuwa kupanda dungu kila msimu, kukagua miti, kutazama kama bonde lote linaonekana kutoka juu, na kushuka kuwaambia wenzao. Baada ya mafuriko hakuna aliyepanda tena. Msimu wa kwanza, wa pili, hadi wa tisa. Hawakuwa wavivu. Waliona aibu. Walisema kumpandia Mponda ngazi ni kama kumpekua mgeni mfukoni. Basi wakafika chini ya dungu, wakainua shingo, wakauliza, "Mkuu, huko juu kwema?" Naye akajibu, "Kwema." Wakarudi nyumbani wamekagua. Kuona haya ni pambo zuri kwa mwari. Kwa mkaguzi ni ugonjwa.

Msimu wa kumi Mponda alikuja barazani na ombi. Dungu limechoka, alisema, na hakusema uongo. Mchwa walikuwa wamekula miguu miwili, na mlinzi mmoja alikuwa ameteguka nyonga kwa kuanguka lilipoinama upande. Akachukua kijiti akachora mchangani dungu jipya. Miguu kumi na miwili badala ya sita. Paa la bati. Ukuta wa mbao pande tatu, kwa sababu vijana wake wananyeshewa na kuchomwa jua kama nyanya zilizosahauliwa. Chini yake ghala, na kuzunguka ghala ua mpana wenye uzio. Ua ule ulihitaji majaruba matatu. Wenye majaruba mawili kati ya hayo walikuwa na mengine saba kila mmoja, wakakubali kabla hawajaulizwa. La tatu lilikuwa la mjane aitwaye Siwatu, na Siwatu hakuwa na lingine. Aliambiwa atapewa shamba huko juu kwenye mchanga. Kila mtu bondeni alijua kwamba mpunga ukipandwa kwenye mchanga ule hukauka kabla haujajua kama umepandwa.

Sasa sikilizeni jinsi watu wale walivyokuwa wakipitisha jambo, maana ndipo sifa yao ilipo. Siku ya uamuzi kila kaya ilileta nguzo moja, nene kama mkono, ndefu mara mbili ya mtu. Anayekubali huilaza chini, na zikilala zote, kazi inaanza kwa miti hiyo hiyo. Mwenye swali huisimamisha wima. Hulitaja swali lake mara moja tu, kisha hunyamaza na kuishika nguzo yake kwa mikono. Haruhusiwi kuichimbia wala kuiegemeza. Ikiwa imesimama, hakuna shimo linalochimbwa, hata kama wanaotaka kuchimba ni mia na mwenye swali ni mmoja. Ikianguka, swali limekufa mpaka msimu mwingine. Ikisimama mpaka jua liguse vilima, baraza halina budi kulijibu, tena kwa vitendo. Mwenye nguzo akichoka anaweza kumwomba mtu amshikie, lakini hakuna anayelazimishwa kupokea. Waliowatangulia walijua kwamba swali lisilo na uzito kila mtu analibeba. Wakalipatia uzito.

Asubuhi hiyo nguzo zililala moja baada ya nyingine, tii, tii, tii, kama wali unaopakuliwa kwa wageni wengi. Lihawa, mkuu wa baraza, alikuwa tayari anakunja mkeka wake. Siwatu akasimamisha yake.

"Nani kati yenu kumi na mmoja," akasema, "amepanda juu akaona kwamba dungu hilo la kuta litaweza kuona?"

Basi. Akanyamaza, akashika nguzo.

Jibu lilikuwa "hakuna", na kila mtu alilijua. Lihawa akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa, "Dada, Mponda ametueleza yote. Unataka tumpekue?" Siwatu akaikaza mikono yake kwenye nguzo. Alikwisha kusema. Lihawa akaukunjua tena mkeka wake, akakaa, na baraza likafanya lile ambalo mabaraza hulifanya yanapoulizwa swali zuri. Likasubiri muulizaji achoke.

Siwatu alikuwa mwembamba kuliko nguzo yake. Saa ya kwanza watu walimwonea huruma. Ya pili wakamchoka. Ya tatu wakaanza kumtania. Mjumbe mmoja mnene akapita karibu na kusema, "Shangazi, naona umeota mizizi." Siwatu akamtazama kuanzia chini kwenda juu, akaishia katikati. "Mimi mizizi, mwanangu. Wewe kitambi. Tungoje tuone kipi kitafaa bonde." Hayo hayakuwa swali, kwa hiyo hayakukatazwa.

Mchana alianza kuchoka. Akamwita wifi yake Havijawa amshikie kidogo. Havijawa alikuwa na jaruba la kwanza kabisa mbele ya dungu, na mwanawe mkubwa alikuwa mlinzi. Akaangalia chini. "Wifi, mwanangu anakaa humo. Nikishika nguzo yako nitamtazamaje nyumbani?" Siwatu akamwita jirani wa kulia. Jirani akakumbuka kuna mbuzi hajafungwa. Wa kushoto hakungoja kuitwa, akaondoka. Walikuwa watu wema wote, na chuki hawakuwa nayo. Walimpenda Mponda, na walidhani kumpenda mtu na kumuuliza swali ni vitu visivyokaa chungu kimoja.

Kisha upepo wa bonde ukaamka, kama unavyoamka kila alasiri, ukilaza matete upande mmoja. Nguzo ikaanza kuyumba. Juu ya hayo, mwili nao una mambo yake. Haja ya mtu haijui adabu ya baraza. Siwatu alikuwa amesimama toka asubuhi, na alijua akikaa pale dakika chache zaidi ataaibika mbele ya watu wote, na akiondoka nguzo italala na jaruba limekwenda. Akazungusha macho. Watu mia mbili wote kwa pamoja wakaona jambo la ajabu sana ardhini, pengine siafu.

Hapo akaita, "Mponda! Njoo unishikie. Nakwenda chooni."

Watu walicheka. Walicheka sana, hata Lihawa akajifuta machozi. Kumwita Mponda! Mpango ni wake, ua ni wake, vijana wanaonyeshewa ni wake. Ni sawa na kumpa paka samaki akulindie wakati unatafuta chumvi. Lakini Siwatu hakuwa akitania. Watu mia mbili walikuwapo pale, na mmoja tu aliwahi kuachiwa kitu cha wengine akakaa nacho mpaka mwenyewe aliporudi.

Mponda alisimama. Akaja akichechemea, akapokea nguzo kwa mikono miwili, akatanua miguu. Siwatu akakaza kanga yake akaenda zake bila kugeuka nyuma. Na hakufanya haraka, msije mkafikiri. Alijisaidia, akanawa uso, akakaa kivulini akala kiazi alichokuwa amekifunga kwenye pindo la kanga. Alikula mpaka akashiba. Anayekuachia kazi ya kulinda huku akichungulia kila mara hajakuachia kazi.

Upepo ulizidi. Kofia ya Mponda ikaruka, ikabingirika mpaka kwenye mfereji, naye hakuifuata hata kwa macho. Watu waliokuwa wakicheka waliacha kucheka. Kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni. Kidole kimoja tu akilegeza, ua umepatikana, bati limepatikana, na hakuna mtu bondeni atakayesema neno, maana upepo ulikuwa mkali kweli na mguu wake ni mbovu kweli. Chitanda, mlinzi kijana aliyempenda mkuu wake kama baba, akasogea, akasema kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo:

"Mkuu, achia tu. Upepo huu nani atakulaumu?"

Mponda alikuwa anatiririka jasho. Akahamishia uzito wake kwenye mguu mzima.

"Huu nao ni mpunga, Chitanda," akasema. "Nimeachiwa niulinde."

Wazee waliokuwapo siku ya viboko wanasema siku ile walimwona mtu shujaa, lakini siku hii walimwona mlinzi. Viboko ni adui, na mbele ya adui mtu yeyote mwenye moyo anaweza kusimama. Nguzo ile ilikuwa ya mtu aliyekuwa anampinga, nayo ilikuwa inazuia kitu alichokitaka yeye mwenyewe.

Siwatu aliporudi alipokea nguzo yake bila asante. Akamwambia tu, "Kofia yako iko mfereji wa pili," akaendelea kusimama. Lakini baraza halikuweza tena kukaa. Jua lilikuwa bado juu ya vilima upana wa viganja viwili, na sheria iliwaruhusu kungoja. Lihawa akautazama ule mkeka aliokuwa amekalia kutwa nzima, akauona kama unamchoma. Akainuka. "Leteni ngazi," akasema. Mponda akamjibu, "Ngazi ipo pale pale, mzee. Misimu tisa haijaondoka."

Wakapanda. Kipandio cha tatu kilikuwa kimeoza, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyepanda. Kilimjua yule mjumbe mnene, kikavunjika chini ya mguu wake. Aliponasuliwa mguu na kupandishwa pamoja na wenzake, Lihawa akaagiza mikeka itundikwe pande tatu, mahali ambapo kuta zingekuwa, kwa kimo kile kile alichochora Mponda, cha kufika shingoni. Kisha akaagiza kila mwenye jaruba aende akasimame kwake na kupunga nguo, na wale wa juu wataje wanaowaona.

Walitaja wengi. Waliwataja wa mbali, wa kando ya mto, wa ng'ambo kabisa, hata mtu mmoja aliyekuwa anaiba miwa ambayo haikuhusika na shauri lile. Kuta zile zilikuwa zinaona mbali vizuri. Waliokuwa karibu ndio hawakuonekana. Majaruba tisa yaliyokuwa chini ya dungu lenyewe yalifunikwa na ukuta kama kifaranga chini ya pakacha. Havijawa alisimama katika jaruba lake akapunga kanga. Akaruka. Akaita jina la mwanawe. Mwisho akatukana, matusi ya kutoka moyoni, na huko juu mwanawe akasema, "Mama namsikia. Simwoni." Ngedere angeweza kula mpunga wa mamake huku yeye amekaa na kombeo mkononi, akitazama mto kwa uaminifu mkubwa.

Mponda alikuwa amepanda nao. Alikaa nyuma ya mkeka kama akaavyo mlinzi. Kisha akaushusha kwa mkono wake mwenyewe mpaka kwenye kiuno cha mtu aliyekaa. "Hapa," akasema. "Mvua watavumilia. Nitawapa makuti ya kujifunika."

Lakini msidhani mjane alishinda yote, maana hii si hadithi ya kuwalaza watoto. Baraza likiwa limekwisha kupanda halikukubali kushuka bila kukagua kila kitu. Aibu ikishatoka, huacha njaa ya kazi. Walikagua miguu ya zamani wakakuta inazama kwenye tope, na kwamba Mponda alikuwa na haki kuhusu ile kumi na miwili. Wakapima ardhi kwa fimbo hatua kwa hatua. Udongo mgumu, usiozama na usiofikiwa na mafuriko, ulikuwa sehemu moja tu, nayo ilikuwa nusu ya jaruba la Siwatu. Wakamwambia hivyo, uso kwa uso. Wakamwambia ua na uzio havitajengwa, maana mlinzi hana sababu ya kujizungushia uzio mbele ya anaowalinda. Ghala litakuwa dogo. Nusu ya jaruba itachukuliwa, na atapimiwa nusu nyingine kando ya mfereji, ardhi nyeusi, kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Huko kwenye mchanga hatapelekwa.

Siwatu aliwauliza mara mbili kuhusu ile ardhi nyeusi, akamwachia Mponda nguzo, akaenda kuushika udongo wake kwa vidole, akaunusa. Kisha akarudi akailaza nguzo yake mwenyewe, taratibu, ikalala pamoja na nyingine. Jua lilikuwa linagusa vilima. Hakuna aliyeiangusha.

Dungu likajengwa. Lilikuwa kubwa na zuri, na kusema kweli hakuna bonde la jirani lililokuwa na dungu kama lile. Mponda alitaka nguzo ya Siwatu iwe mguu wa mbele, karibu na ngazi, ili kila anayepanda aishike. Siwatu akamwambia asilete upuuzi, nguzo yenyewe nyembamba, itawaua watu. Ikawa ya paa. Na kila msimu, siku masuke yanapotoka, watu kumi na mmoja hupanda ngazi mbele ya macho ya wote, na Mponda ndiye anayeshika ngazi isitikisike. Wa kwanza kupanda ni yule mjumbe mnene. Amepungua.

Watu wa bonde lile wana maringo mpaka leo, na mimi siwakatazi. Ukipita kwao watakuonyesha dungu, lakini hawatakuhesabia miguu wala kukugongea bati ulisikie. Watakuonyesha mahali palipo wazi mbele yake, pasipo na kitu, ambapo mtu mwenye nguvu kuliko wote alisimama mchana kweupe akalinda swali la asiye na nguvu, dhidi yake mwenyewe, mpaka mwenye swali alipomaliza kula kiazi. Wanasema, "Kwetu sisi hata mlinzi wetu analindwa na swali." Ni maneno ya majivuno. Ni majivuno waliyoyatolea jasho.

Nanyi mmesikia redioni, kama nilivyosikia mimi, kwamba kambi ya askari itavunjwa na kujengwa upya, kubwa zaidi, na bunge limepewa mpango wake liukague. Vizuri. Askari hawastahili kunyeshewa, na kambi iliyoliwa na mchwa haimlindi mtu. Wabunge nao wapande ngazi, wajue kipandio kipi kimeoza, na wakishuka watuambie kama kutoka ndani ya kuta hizo tutaonekana sisi tuliokaa karibu. Hayo nitawaachia wenyewe, wamesoma kunishinda. Mimi nina swali moja, nalishika nikiwa nimesimama: huyo mlinzi wenu mnayemwimbia, siku atakapoachiwa nguzo ya anayempinga, na upepo uko tayari kubeba lawama yote, ataishika?